Yah: Pongezi kwa Shule Zinazokaribia

Kwa Kamishna wa Elimu,
Jimbo la Texas,
Austin.

Ndugu Kamishna,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza naomba radhi kwa kukuandikia kwa Kiswahili. Mtihani wenu wa STAAR upo kwa Kiingereza, na kwa Kihispania kuanzia darasa la tatu hadi la tano. Kuanzia hapo mtoto ajue mwenyewe. Mimi darasa la tano nimelivuka siku nyingi, lakini mambo mengine nikiyatia kwenye Kiingereza yanapoa njiani.

Naandika kutoka kusini-magharibi mwa Houston, kwenye haya majengo ya kupanga ambako ukipita jioni unasikia Kiswahili cha Uvira, cha Bukavu na cha kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na harufu ya sombe inakufuata mpaka kwenye gari. Huku ndiko habari njema ilikotukuta. Agosti 2025 ulitangaza madaraja ya shule, na wilaya ya elimu ya Houston, kubwa kuliko zote Texas, haikuwa na hata shule moja yenye F. Shule zenye D na F, ambazo mwaka 2023 zilikuwa 121, zilibaki 18. Miaka miwili! Kwetu Bongo miaka miwili haitoshi kumaliza choo cha shule.

Nilikuwa tayari kupiga vigelegele. Kilichonizuia ni karatasi.

Jirani yangu mmoja, mama aliyelelewa Nyarugusu, alibisha hodi akiwa na ripoti ya mwanawe mkononi. "Papa, hii karatasi inasema nini? Mtoto alipita ao hapana?" Nikaisoma. Ngazi ni nne: hakufikia, anakaribia, amefikia, amebobea. Mtoto alikuwa anakaribia.

"Amefaulu, mama," nikamwambia.

"Alipita namna gani, na wanasema anakaribia?"

Nikamweleza kwamba hapa Texas anayekaribia kiwango huhesabiwa amefaulu, na hata ile mitihani mitano ya sekondari anayotakiwa kuifaulu ili ahitimu, akikaribia inatosha. Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia kwenye mkoba. "Basi likikaribia Kigoma," akasema, "watu hawashuki."

Sikuwa na jibu, Ndugu Kamishna, na ndiyo maana nakuletea wewe. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake, na hapa Texas mwamba ngoma ndiye anayeipiga, ndiye anayeicheza na ndiye anayetoa zawadi kwa mchezaji bora. Wakala wako ndio unaosimamia mtihani, unaopanga alama za kufaulu, unaotoa madaraja ya shule. Tangu Juni 2023 ndio pia uliotuchagulia mkuu wa wilaya na bodi ya mameneja. Kisha matokeo yakapanda. Mganga akitoka chumbani akatangaza mgonjwa amepona, adabu inataka tumshukuru. Lakini ndugu wa mgonjwa nao wana kawaida ya kuchungulia.

Tukumbushane ulivyofika. Sheria ya mwaka 2015 inasema shule moja ikifeli miaka mitano mfululizo, Kamishna ama aifunge ama aiondoe bodi ya wilaya nzima. Moja inatosha. Iliyokupa funguo za Houston ni Sekondari ya Phillis Wheatley, kule Fifth Ward, alikosoma Barbara Jordan na alikosoma Mickey Leland, yule mbunge aliyefia Ethiopia mwaka 1989 ndege yake ilipoanguka akiwafuata wakimbizi kambini. Wakimbizi wa leo wanaishi ng'ambo ya pili ya mji wake, na watoto wao wanafanya mtihani wako.

Wheatley kweli ilikuwa ikifeli. Ukaanza safari ya kuichukua wilaya mwaka 2019, wilaya ikakufungulia kesi, kesi ikazunguka mahakamani kwa miaka. Katikati ya kuzunguka huko, mwaka 2022, Wheatley ikapata C. Yaani ilifaulu, tena kwa rula yako mwenyewe. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Texas ikakuondolea zuio, na ukaja kuiweka kando bodi iliyochaguliwa na wananchi kwa kosa la shule iliyokwisha kupita. Ni kama polisi anayemkamata mtu kwa deni alilolipa mwaka jana, halafu anaomba apewe na nyumba.

Na jina la shule hiyo nalo lina maneno. Phillis Wheatley alikuwa mtoto aliyetekwa Afrika Magharibi, akauzwa Boston mwaka 1761 akiwa na miaka kama saba au minane, akapewa jina la meli iliyomleta. Alipoandika mashairi yake, watu hawakuamini kwamba mtumwa anaweza. Basi kitabu chake kilipochapwa London mwaka 1773 kilitanguliwa na cheti kilichotiwa saini na mabwana 18 wa Boston, gavana akiwemo, kuthibitisha kwamba binti huyu amepimwa na waamuzi bora na ameonekana anafaa. Waamuzi hao nani aliwapima, kitabu hakisemi. Sitii neno. Nakumbusha tu kwamba Houston ilikuwa na shule nyingi, na ile iliyobeba hukumu ya wote ilikuwa na jina hilo.

Kwa kuwa nimeshataja ushairi, kuna mshairi Mmarekani, Sara Holbrook, ambaye mashairi yake mawili yalitumika kwenye mitihani yenu. Mwaka 2017 alieleza hadharani kwamba maswali mengine kuhusu mashairi hayo hawezi kuyajibu, likiwemo la kwa nini alikata beti mahali fulani. Mwenyewe alikata kwa sababu akisoma jukwaani hutua pale. Nadhani huyu naye tungemweka kwenye "anakaribia".

Sisemi watoto wa Houston hawakusoma. Wapo waliosoma, na wapo walimu walioona mshahara wenye heshima kwa mara ya kwanza katika shule za Mfumo Mpya wa Elimu ulioletwa na mkuu wa wilaya mliyetuchagulia, zilizoanza 28 za lazima na nyingine zikajiunga, zikafika 130. Nimesikiliza jinsi somo linavyokwenda huko: mwalimu ana saa ya kuhesabu dakika mbele yake, kila baada ya dakika chache darasa lote lijibu kitu, na mwishoni jaribio la dakika kumi, kila siku. Waliofaulu wanatoka na kazi zao kwenda "kituo cha timu", ambacho katika shule nyingi ndicho kilichokuwa maktaba. Na anayefanya fujo darasani? Naye alipelekwa huko huko, afuate somo kwenye kompyuta. Chumba kimoja, zawadi ya mwerevu na adhabu ya mtukutu. Mtunza maktaba ndiye aliyeondolewa. Kwa hilo nawasifu, maana mtihani wa kusoma una vifungu vifupi. Mtoto akizoea kitabu kizima anaweza kuharibu kasi.

Wazazi nao walipewa mtihani wao. Novemba 2024 wilaya iliomba kukopa dola bilioni 4.4 za kujenga na kukarabati shule, na wapiga kura wengi wakajibu hapana. Tangu mje, zaidi ya wanafunzi 10,000 wameshapungua katika wilaya. Hesabu hizo sikuziona kwenye daraja lolote kati ya A na F, nami naelewa: aliyeondoka hawezi kufeli.

Elimu hiyo, Ndugu Kamishna, Houston inayo tangu zamani. Hapa mtaani kwetu kuna sekondari ya Sharpstown. Mwanzoni mwa karne hii, nchi nzima ikiimba "muujiza wa Texas", shule ile ya wanafunzi kama 1,700 ilitoa taarifa kwamba mwaka mzima hakuna hata mmoja aliyeacha masomo. Sifuri. Walioondoka walikuwa 463. Wengine walihamia kwingine, wengine walirudi makwao, ndivyo karatasi zilivyosema. Wakala wako mwenyewe ulipokuja kukagua mwaka 2003, katika shule 16 za Houston, ukakuta zaidi ya nusu ya faili 5,500 ulizozifungua zilikuwa za watoto waliopaswa kuandikwa wameacha shule. Wakati huo aliyekuwa mkuu wa wilaya hii, Rod Paige, alikuwa Waziri wa Elimu wa Marekani, na muujiza ulishageuzwa sheria ya taifa: Januari 2002 Rais Bush alitia saini kwamba ifikapo mwaka 2014 kila mtoto wa nchi hii awe amefikia kiwango katika kusoma na hesabu. Asilimia mia moja. Mwaka 2014 ulifika, ukapita. Watoto walikuwa bado wanakaribia.

Sisi tuliotoka Tanzania hatuna ubavu wa kucheka sana. Februari 2013 matokeo ya kidato cha nne yalitoka, na zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na daraja sifuri. Mei serikali ikayafuta na kuagiza yapangwe upya kwa utaratibu wa zamani. Ufaulu ukapanda pasipo mtoto hata mmoja kurudi darasani kusoma ukurasa. Mwaka huo huo wakubwa wakaja na wazo la kuifuta sifuri kabisa na kuweka daraja la tano. Makelele yakawa makubwa, wazo likarudi lilikotoka. Kwa hiyo nikiona rula inabadilishwa naijua harufu yake, hata ikiwa imenunuliwa Austin.

Maana rula zenu zinapendeza kwa wingi. Mwaka 1980 ilikuwa TABS. Baadaye TEAMS, mwaka 1990 TAAS, mwaka 2003 TAKS, mwaka 2012 STAAR, ambayo mwaka 2023 ikafanyiwa ukarabati. Mwaka huo huo mkapandisha kipimo cha maandalizi ya chuo na kazi: sekondari iliyokuwa ikipata A kwa wahitimu 60 katika kila 100 sasa ilihitaji 88. Zaidi ya wilaya mia moja zikakushtaki, na madaraja ya 2023 yakakaa kabatini hadi Aprili 2025. Sasa Bunge limepitisha sheria nyingine: kuanzia mwaka wa masomo wa 2027 hadi 2028, STAAR inazikwa, na mahali pake itakuja mitihani mitatu mifupi kwa mwaka. Fundi cherehani wa mtaani angefanya hivyo, akupime kiuno kwa futi leo na kesho kwa kamba ya viatu, kisha akupongeze umepungua, ungemdai kitambaa chako.

Nina maombi machache. Kwanza, muujiza wa sasa umeongezewa muda wa uangalizi hadi Juni 2027, yaani utamalizika kabla tu ya rula mpya kuanza kutumika. Naomba nijue ni nani atakayetupima siku hiyo, na kwa nini. Pili, yule mama jirani aandikiwe, kwa lugha yake, mtoto amefika au hajafika. Hataki pongezi. Mtoto ni wa kwanza kwao kwenda sekondari na mama anataka kujua kama mwanawe anaweza kusoma barua ya daktari.

Ombi la mwisho linahusu barua hii. Nasikia tangu Desemba 2023 majibu ya kuandika ya watoto husahihishwa na kompyuta, na ni kama robo tu ndiyo hupelekwa kwa binadamu, na kwamba mpango huo unaokoa dola milioni 15 hadi 20 kwa mwaka. Nimesikia pia kwamba Dallas waliomba maelfu ya majibu yasahihishwe upya na watu, na alama za mengi zikapanda. Ninajua basi barua yangu itapitia wapi. Ina sentensi ndefu, ina methali, haina aya ya utangulizi inayotaja hoja tatu. Nikipata sifuri sitashangaa. Naambiwa anayetaka jibu lake lisomwe upya na binadamu hulipa dola 50, na alama zikipanda halipi kitu.

Hamsini ninazo.

Wako anayekaribia,
Mkazi, kusini-magharibi mwa Houston

Nakala: Mashine ya kusahihishia.