Kila Mtu na Sababu Yake

Sheria ya Kenya ya kuzuia watu kuingia kwenye ardhi ya wenyewe, Sura ya 294, bila shaka haikuandikiwa Dunga. Inasema ni kosa kuingia kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa yake na bila sababu ya maana. Hapa kwetu kando ya Ziwa Victoria, hajazaliwa mtu asiye na sababu ya maana.

Ploti yangu iko kati ya ufuo na barabara, na akina mama wauza samaki walikuwa wakiikata katikati kabla sijapata hati. Nilianza na kibao: HAKUNA NJIA HAPA. Hata wageni waliokuwa hawajui kuwa pana njia wakajua. Nikaongeza cha pili, MBWA KALI, lakini mbwa mwenyewe alikwisha kuhongwa kwa vichwa vya ngege na alikuwa akiwasindikiza hadi barabarani.

Nilipomsimamisha mmoja wao, beseni likiwa kichwani, alinitazama kwa huruma. "Mwalimu, samaki wanaoza hawa. Unataka nizungukie wapi?" Mwenye boda boda alikuwa anakimbiza mgonjwa, mgonjwa alikuwa anatafuna muwa. Sheria imetaja hata mifugo, ila mwenye mbuzi aliniapia kwamba yeye hakuingia kulisha, aliingia kuwatoa. Huwatoa kila siku, wakishashiba. Tena mwaka 2020 ziwa lenyewe liliingia, lilipopanda kupita kiwango cha miaka ya 1960, likalala kwenye mihogo yangu. Nalo lilikuwa na sababu: mvua.

Basi nikapanda ua wa mnyaa, kama wazee walivyozungushia boma zao. Utomvu wa mnyaa ukikuingia jichoni, utakumbuka mipaka yote ya ardhi unayoijua. Ua ukashika, ukanipita kimo, nami nikawa nalala usingizi wa tajiri wa Milimani.

Ndipo akaja kiboko, au rao kama tunavyomwita hapa. Hawa hutoka majini usiku kutafuta nyasi, mmoja humaliza kama kilo 40, na akishapapenda mahali hurudia njia ileile. Mnyama wa zaidi ya tani moja hajali utomvu. Alipasua ua, akafagia sukuma wiki yote, kisha, kwa kuwa kiboko akijisaidia hutawanya mavi kwa mkia kama mtu anayepiga plasta, akakifuta kile kibao cha HAKUNA NJIA. Mbwa kali tulimkuta chini ya kitanda.

Ofisa mmoja niliyempelekea malalamiko alinikumbusha kwa upole kwamba huyo ni mnyamapori na ole wangu nimguse.

Kesho yake kulipokucha, foleni ya mabeseni ilikuwa tayari inapita kwenye pengo, watu wakimshukuru Mungu. Nikaleta miba nizibe. Mama yule wa samaki akaweka beseni chini, jambo asilolifanya ovyo.

"Mwalimu, usithubutu! Rao akikuta pamezibwa, atapitia kwenye chumba chako cha kulala."

Sikuwa na jibu. Pengo likabaki: mchana la watu, usiku la rao. Juzi wamenitumia wajumbe, wenye boda boda na wauza samaki pamoja, wakikaa vizuri kwenye viti vyangu. Wanaomba niweke taa pale, kwa sababu alfajiri wanaogopa kugongana naye. Nimeanza kuulizia bei za sola.