Namna ya Kumwita Mwenzio Bila Kujiponza

Kanuni ya kwanza ndiyo kubwa, na ukiishika hii hata nyingine ukizisahau si neno: jina la mwenzio si lake, ni la wanaosikiliza. Mkiwa wawili mwite laazizi, mwite mahabuba, mwite hata chapati ya maji, hakuna wa kukuuliza. Kazi inaanza akiingia mtu wa tatu.

Miezi ya mwanzo usimpe cheo chochote. Kwa washikaji sema tu "yule mtu wangu". Wao watamwita "shemu" tangu siku ya kwanza, maana ushemeji wa mjini hausubiri ndoa. Unasubiri akae nanyi meza moja na anunue raundi ya soda. Kwa mama yako mtambulishe kama rafiki. Mama ataitikia "haya", atampakulia wali, na mgeni akishaondoka atakuuliza huyo rafiki ni kabila gani. Rafiki zako wengine wamekula hapo miaka nenda rudi, hajawahi kuwauliza.

Kwenye simu, wenye uzoefu humhifadhi kwa jina la fundi. Sawa, ila chagua ufundi unaolingana na nyumba yako. Fundi friji anayepiga saa tano usiku kwa mtu asiye na friji ameshavunja mapenzi ya wengi.

Neno la kuogopa ni "mchumba". Vijana wanaligawa kama karanga za kuonja, hawajui lina meno. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 69, inampa aliyeahidiwa ndoa kisha akatoswa haki ya kwenda mahakamani kudai fidia. Kwa hiyo kabla hujatamka "huyu ni mchumba wangu" sebuleni kwao, tazama waliokaa humo. Unaona wajomba na mashangazi. Mwanasheria anaona mashahidi. Tena mashangazi hawasahau. Wataikumbuka ahadi, siku yake, na shati ulilovaa.

Usije ukadhani basi salama ni kukwepa maneno yote na kuingia "sogea tukae", kila mtu na begi lake. Kifungu cha 160 cha sheria hiyohiyo kinakungoja mbele. Mkiishi pamoja miaka 2 au zaidi, watu wakawachukulia ni mume na mke, sheria nayo itadhania hivyo hivyo mpaka mtu alete ushahidi wa kuipinga. Hapo ndipo mwenye genge la mtaani anapokuwa mtu mzito. Siku ile alipokwambia, "Mkeo kachukua nyanya na vitunguu, kasema utalipa," wewe ulifanyaje? Ulitoa pesa bila kubisha. Ungetaka kukana ungekana palepale, kabla ya chenji.

Siku ya posa, lugha yako yote iache nje pamoja na viatu. Hatakiwi mtu kusema "mpenzi", wala kutaja jina la binti. Anayesema ni mshenga, na mshenga anazungumza bustani. Barua imo kwenye bahasha, bahasha imo kwenye sinia, sinia limefunikwa kitambaa kilichopigwa pasi, na humo ndani kuna kishika uchumba ambacho kila mtu anajifanya hakioni. Mshenga atakohoa, atasema wamepita njia wakaona ua zuri, wameomba wasikanyage bustani bila ruhusa ya wenyewe. Wenyeji watamjibu kwamba maua hapa ni mengi, wao wamevutiwa na lipi? Wakati huo ua lenyewe liko chumba cha pili, limechungulia pembeni ya pazia, simu mkononi, linamtumia mshenga ujumbe kwamba akitajiwa mahari asikubali haraka, baba hupenda kubishaniwa kidogo. Kisha shangazi atauliza kama vijana hawa wanafahamiana. Jibu sahihi ni "kidogo". Ufunguo wa chumba cha kijana uliomo kwenye mkoba wa binti hauhusiki na kikao.

Baada ya harusi utalisema "mke wangu" kila baada ya sentensi mbili, hata kwa konda wa daladala. Acha, litapita lenyewe. Mtoto wa kwanza akizaliwa nyote wawili mnapoteza majina: yeye ni Mama Asha, wewe ni Baba Asha, na hata Asha akiwa mtu mzima aliyehamia Mwanza mtaendelea kuitana kwa jina lake. Mume, jifunze kusikiliza sauti. "Baba Asha" ya kawaida ni chakula kiko mezani. "Baba Asha, mwenzangu..." ina ada ya shule ndani yake. Ukiitwa kwa majina yako matatu, kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, anza kukumbuka ulichofanya.

Onyo moja kwa wanaopenda heshima. "Bi mkubwa" lina utamu wake, lakini kwa watu wengi ndiye mke wa kwanza kati ya wawili au zaidi. Mwanamke anayejua yuko peke yake ukimwita hivyo, atakuuliza bi mdogo umemweka wapi. Usicheke unapojibu.

Yako pia maneno ya pembeni, ambayo mwongozo huu hauyafundishi, unayataja tu ili ukiyasikia ujue unasemwa. Hawara ni la wazee. Nyumba ndogo maana yake kuna kodi ya pango inalipwa. Mchepuko hana kodi, ana nauli. Kidumu hana hata nauli, anajitegemea.

Mambo yakiharibika, msamiati unahamia serikalini. Kwa kawaida shauri la talaka hupita kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, ambako mtaitwa "wanandoa" kwa mara ya mwisho. Mahakamani, laazizi anakuwa "mjibu maombi". Huko usithubutu kusema, "Huyu alikuwa mama wa nyumbani tu, hakuchangia kitu." Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Hilo "tu" lako linaweza kukugharimu vyumba viwili na choo.

Baada ya hapo una uhuru kidogo. "Mtalaka wangu" ni sahihi ila linanuka muhuri. Vijana husema "zilipendwa", nalo lisitumike mapema: kama ni talaka rejea na eda haijaisha, mume anaweza kumrejea mkewe, na wewe uliyekwisha kumwita hivyo utamwita nini tena? Lililo bora kuliko yote ni "mzazi mwenzangu". Lina adabu, halina mapenzi, halina ugomvi, na linatumika zaidi mwezi Januari shule zinapofunguliwa.

Kifo nacho kina majina yake. Aliyefiwa na mume ni mjane, na kwa Waislamu atakaa eda miezi minne na siku kumi. Aliyefiwa na mke ni mgane, neno ambalo wengi hawalijui kwa sababu wanaume hawakai nalo muda wa kutosha kulizoea.

Kwa wenye mambo mengi, ushauri wa mwisho ni kuhusu wasifu wa marehemu, ule unaosomwa kabla ya kwenda makaburini. Uandike mwenyewe ungali hai, mpe kaka yako aufiche. Usipofanya hivyo utaandikwa usiku na binamu asiyejua siri zako, ambaye ameona kina mama wawili wamekaa mikeka miwili wanalia kwa uchungu ule ule. Binamu ni mtu wa haki. Ataandika "ameacha wajane", na Mama Asha atalisikia hilo "wa" kwenye spika, wewe ukiwa huwezi tena kueleza.