Noti za Baba Mkwe

Mkwe hakatai kazi. Ndiyo maana Jumapili hii, wenzangu wakiwa kwenye mpira, mimi nimeshika rula mezani kwa baba mkwe, nachora jedwali la wote waliowahi kutoa noti za nchi hii.

Nilidhani ni kazi ya dakika tano. Benki Kuu ya Tanzania, ilifungua milango 14 Juni 1966, noti za shilingi 5, 10, 20 na 100, basi, turudi nyumbani. "Anza na Mjerumani, mwanangu," akasema Baba, akanisogezea albamu nene kama godoro.

Haya. Deutsch-Ostafrikanische Bank, 1905, rupia. Jina peke yake limejaza safu mbili. Hilo nalivumilia, maana noti zake za mwanzo zinapendeza. Ile ya rupia 5 ina simba. Balaa ni vita. Waingereza waliziba bahari, noti zikawa hazifiki kutoka Ujerumani, benki ikaamua kuzichapa hapahapa kuanzia 1915, kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Sahihi hii, herufi ile, karatasi nyingine kabisa. Mwaka 1917 Wajerumani wako porini, majeshi yako nyuma yao, na bado wanachapa! Mtu unakimbia roho yako, pesa za nini? Na kila tofauti Baba anaitakia mstari wake.

Ikaja Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1919, makao yake London. Mwaka 1920 ikatoa rupia, mwaka huohuo ikageukia florini, 1921 ikahamia shilingi. Hawa walikosa mtu wa kuwaambia watulie.

Chini ya bodi nikaandika Serikali ya Zanzibar: rupia kuanzia 1908, zenye picha ya jahazi na ya wachuma karafuu, hadi shilingi ya bodi ilipochukua nafasi yake 1936. Baba ni mtu wa Unguja. Akavua miwani.

"Zanzibar umeiweka chini ya nani?"

"Ni jedwali tu, Baba."

"Basi ipe jedwali lake."

Mama, ambaye kwao ni Tanga, akapaza sauti kutoka jikoni: "Nchi moja, jedwali moja!"

"Mawili," akasema Baba.

Nikajaribu kusuluhisha. Nikapendekeza jedwali la Bara, la Zanzibar, na la Muungano kwa ajili ya Benki Kuu.

"Matatu?" Mama akatoka na mwiko mkononi. "Na gharama atabeba nani?"