Herufi Moja, Buku Moja

Kusajili jina la biashara BRELA ni shilingi 20,000. Tulipoisikia bei hiyo mimi na mume wangu tulitazamana, tukaona utajiri uko jirani. Mkononi nilikuwa na laki tatu za kikoba, nilizokopeshwa na akina mama wenzangu. Hao si benki: hupita mlangoni kwako kila asubuhi kuangalia kama riba yao imeamka salama.

Biashara yenyewe ni vitumbua, chapati na chai ya tangawizi, kwenye kibaraza cha kupanga huku Mbagala. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita, tukavutana hadi mitatu, na nusu ya mtaji ikahamia mfukoni mwake kabla sijanunua hata kilo ya mchele. Wala huwezi kusema utapanga ukishapata faida, maana kuomba TIN ya biashara kunataka mkataba wa pango.

Jina liliitiwa kikao cha ukoo. Shangazi, aliyechangia sufuria, alitaka liwe na Pwani, kwa kuwa yeye ni wa Rufiji. Mume wangu akataka Bara, kwa heshima ya mama yake aliyeko Singida. Mjomba, ambaye hakuchangia hata kijiko, akataka Intanashino. Nikamwambia mteja wetu wa mbali kabisa atatoka Rangi Tatu. Akasema sina maono. Tukaafikiana: Ladha ya Pwani na Bara Vitafunwa Intanashino. Mtandaoni hatukumkuta mwenzetu mwenye jina hilo, na wala sikushangaa.

Ikaja barua ya serikali ya mtaa. Mtendaji hasaini mpaka mjumbe asaini, na mama mjumbe yuko msibani. Sasa, huingii msibani na bahasha ya kaki ukaanza kuuliza nani ana kalamu. Nikajifunga kanga, nikatoa rambirambi 5,000, nikakaa mkekani na kumlilia marehemu nisiyemjua kwa machozi ya kweli kabisa, maana nilikuwa naiwaza ile 5,000. Mama mjumbe akanionea huruma.

"Marehemu nani wako, mwanangu?"

"Jirani, mama."

Saini ilipatikana baada ya pilau, na mafuta kidogo pembeni. Mtendaji aliinusa karatasi, akaniangalia, akagonga muhuri.

TIN ni bure, na nathibitisha kwamba ni bure. Shughuli iko kwenye makadirio, pale unapoulizwa utauza kiasi gani ilhali hujauza hata kitumbua kimoja. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 4 hatozwi kodi ya mapato. Namba hiyo niliikariri daladala nzima. Lakini shangazi alikuwa amenisindikiza, kavaa dera jipya, na hakuwa amekuja kuonekana maskini.

"Dada, unatarajia kuuza shilingi ngapi kwa siku?" aliuliza kijana wa mezani, kwa adabu zake.

Nikavuta pumzi niseme elfu kumi. Shangazi akawahi: "Huyu? Laki haimpigi chenga!"

Kijana akachukua kikokotoo. Laki kwa siku ni milioni 36 na nusu kwa mwaka. Shangazi alipoisikia hesabu ile akanipa mkono wa pongezi. Ilibidi nimsihi atoke nje akanunue maji ya kunywa, ndipo nianze upya: kitumbua ni shilingi 200, vikiisha 50 kwa siku tumeshukuru Mungu. Kijana aliangalia mlangoni kama shangazi hajarudi, akaandika ya kwangu.

Leseni ya halmashauri nayo ilipatikana. Nairuka, maana hakuna lililonichekesha.

Ndipo tukamwita mchoraji wa bango. Kila herufi buku. Jina letu lina herufi 38, yaani shilingi 38,000, karibu mara mbili ya kulisajili. Serikali, kwa yote tunayoisema, haihesabu herufi. Mtaji uliobaki ulikuwa wa unga, mafuta na gesi, basi. Tukaanza kupunguza. Intanashino likatoka kwanza, mjomba akasusa chai. Vitafunwa likafuata. Lilipoondoka Bara, mume wangu aliinuka kimya kimya, akaenda uani kumpigia simu mama yake. Ikabaki LADHA YA PWANI, herufi 12, rangi ya bluu.

Siku ya kufungua, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mteja wa kwanza alisoma bango, akakaa, akauliza, "Pweza bei gani?" Wa pili alitaka urojo. Wa tatu aliitazama chapati kama mtu aliyedanganywa posa, akaondoka. Vitumbua vilinunuliwa zaidi na akina mama wa kikoba, ambao walilipa nusu bei kwa sababu, walisema, mtaji ni wao.

Kesho yake alfajiri nilimtuma mume wangu Feri akaulizie bei ya pweza. Shangazi anasema yeye aliliona hilo tangu kikaoni, na sasa anatafuta jina la tawi. Nimemwomba lisizidi herufi sita.