Mshauri wa Tumbo: Pizza Imeganda Kwenye Mfuniko

Barua za Mara zilizofika mezani kwa Mshauri wa Tumbo zinanukia mafuta ya kukaangia, na moja ina doa la tomato sosi mahali pa sahihi. Walioziandika wana shida moja: walikaa nyumbani, wakapiga simu, na kilicholetwa mlangoni sicho walichokuwa wakikimezea mate.

Mwenye doa ni dada mmoja wa Nyasho, Musoma. Aliagiza pizza ya kuku kwa siku ya kuzaliwa ya mwanawe. Bodaboda akafika amelibana boksi kwapani, limesimama wima. Lilipofunguliwa, kuku, hoho na jibini vilikuwa vimeteremkia pembe moja, vingine vimeganda kwenye mfuniko, na mtoto akaanza kulia kabla mishumaa haijawashwa. Dada anauliza: amdai mpishi au amdai bodaboda?

Mshauri anamwomba kwanza ajiulize ni nani aliyemwambia kijana kwamba boksi lile hulazwa. Bodaboda wa Musoma hubeba mtungi wa gesi, kiroba cha mchele, ndoo ya dagaa na mgonjwa wa malaria, na vyote hufika. Kanuni za mwaka 2010 zilizoirasimisha biashara yake zilihangaika na leseni na kofia ngumu, si jibini. Tena kosa si lake peke yake. Pizza ni chakula cha kuliwa hatua chache kutoka kwenye tanuri. Kwao Napoli, ambako ufundi wa wapishi wake uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2017, huiva kwa sekunde 60 hadi 90 kwenye tanuri la kuni na huliwa papo hapo. Anayeipakia kwenye pikipiki kutoka Mukendo hadi Nyasho anaitwisha safari ambayo haikuzaliwa nayo.

Dawa iko Zanzibar. Pizza ya Forodhani hupikwa juu ya chuma bapa: donge la unga husukumwa hadi likaribie kupasuka, nyama ya kusaga, vitunguu, hoho, yai na mayonezi huwekwa katikati, kisha kingo hukunjwa kama bahasha na kukaangwa pande zote mbili. Waitaliano wanaweza kuukana undugu huo, lakini pizza hiyo haina cha kuganda kwenye mfuniko. Mpishi wa Musoma anayejua kusukuma chapati ameshafika nusu ya njia. Dada amchokoze.

Kaka wa Mwisenge, aliyewahi kukaa Ujerumani, analia na kebab. Ukutani mwa banda kulichorwa mkate ulionona, nyama imepasuliwa nyembamba, saladi inamwagika. Alipoagiza aliletewa kababu nne za nyama ya kusaga na kipande cha limao. Anataka kujua kama huo ni utapeli. Mshauri anasema kababu zile zilikuwa tamu, maana kaka mwenyewe amekiri kuzimaliza. Kebab ya mkate ya Berlin, ambayo mhamiaji wa Kituruki Kadir Nurman ndiye anayetajwa sana kuianza mwaka 1972, inataka rundo la nyama linalozunguka mbele ya moto mchana kutwa, na foleni ya kulimaliza. Banda linalohudumia wateja wachache kwa usiku likijaribu hivyo, nyama itakuwa imekauka kabla ya mteja wa tano. Picha ilitoka kwenye intaneti, kababu zilitoka jikoni. Siku nyingine aulize kilichopo jikoni.

Kuhusu chipsi zege zinazofika zimelegea, barua ni nyingi na jibu ni fupi: ni mvuke. Chipsi zikifungwa za moto hujipika upya ndani ya kifungashio. Mwambie muuzaji kachumbari na sosi zikae pembeni, na mfuniko autoboe mara mbili tatu kwa kijiti cha mshikaki. Atakutazama vibaya, lakini atatoboa.

Sasa ugomvi wa kutolea. Mama mmoja wa Makoko alituma elfu nane kamili, bei aliyoambiwa, na simu ikarudi: “Mama, mbona hujaweka ya kutolea?” Akaongeza huku amenuna. Tangu M-Pesa ianze Tanzania mwaka 2008, sentensi hiyo imevunja urafiki mwingi, na tozo ya miamala ya Julai 2021 iliiongezea makali. Mshauri yuko upande wa mama. Anayeuza kila siku achukue Lipa Namba, pesa iingie kwenye akaunti ya biashara, na gharama zake azipigie hesabu kwenye bei ya chakula. Anayeomba ya kutolea wakati namba ya malipo imebandikwa ukutani kwake anajua anachofanya.

Mama huyohuyo alitoa anwani yake kwa fahari, jina la barabara na namba ya nyumba, kama zilivyobandikwa kwenye Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti. Bodaboda akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: “Karibu na nini?” Hapo Mshauri hana la kumsaidia. Ataje kanisa, kisima au mwembe.

Bunda kuna mhanga mkubwa zaidi. Kijana mmoja alitumiwa pizza na shemeji yake wa Musoma kwa basi la Mwanza, ikiwa mikononi mwa konda. Basi likapita Bunda konda amelala, na shemeji akapigiwa simu kutoka stendi ya Mwanza aambiwe kuna mzigo unanukia. Mshauri anamkumbusha kijana kwamba Bunda ni mji wa njia panda, magari ya Mwanza, Musoma na Kisorya yanapita hapo, na penye abiria wenye njaa nyama choma haikosi. Pizza iliyotoka Musoma, hata ingeshushwa mahali pake, ingefika ngumu.

Butiama swali ni la heshima. Bibi mmoja kijana anatembelewa na baba mkwe na anataka kumwagizia pizza kutoka mjini ili aonekane mkwe wa kisasa. Mzee ni wa rika lililomwona Mwalimu Nyerere, baada ya kung'atuka urais mwaka 1985, akirudi kulima Butiama. Ukimwekea mkate wenye jibini baada ya shikamoo, ataitikia marahaba, atasubiri kwa adabu ugali uletwe, na hautakuja. Bibi asonge ugali wa muhogo na mtama, atafute sato wa ziwani, pizza awaachie wajukuu. Mzee akiomba kuonja, ampe kipande cha ukingoni achovye kwenye mchuzi wa samaki.

Wa mwisho ni bwana wa Bweri, aliyelipia mishikaki sita na kupokea mitano, bodaboda akiwa anafuta midomo. Ahesabu vijiti mbele ya kijana kabla ya kumlipa nauli, na kwenye oda ijayo aongeze mmoja wa dereva, waelewane mapema. Vikifika vijiti sita vyenye nyama ya vitano, hapo ampigie mpishi.