Mjomba wa Mkondoa Anajibu: Barua za Waliochoka Kuulizwa

Wapwa zangu, safari hii barua za mapenzi hazikuja. Sijui mmepatana au mmekata tamaa. Zilizokuja karibu zote zinalia kilio kimoja: mnakutana na watu ambao wanawajua tayari kabla hamjajitambulisha. Nimejibu nilizoweza. Wawili mlioomba dawa ya kumtuliza mkwe, mjomba wenu anatoa ushauri tu, na kwa nini mlidhani mtu wa Kilosa lazima awe nayo hiyo dawa, tutalizungumza mkiniletea sukari.

*Shikamoo Mjomba. Nimezaliwa Mikumi, nasoma chuo Dar es Salaam. Tangu mwaka wa kwanza wenzangu wa chumbani wananiuliza kama simba hupita uani kwetu. Nimekasirika, nimecheka, nimenyamaza. Nibaki na lipi? — Binti wa Mikumi*

Marahaba, mpwa. Wenzako wamepita Mikumi ndani ya basi. Barabara ya Iringa inaikata hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na katika kipande hicho aliyekaa dirishani huona nyani, swala, twiga, akibahatika na tembo. Muda si mrefu basi linaingia mjini, konda anatangaza kuchimba dawa, watu wanashuka, wananunua chipsi, wanapanda. Kwao hifadhi na mji ni picha moja, na wewe umo kwenye picha, nyuma ya twiga.

Ungeweza kuwaambia kwamba hifadhi ilianzishwa 1964, ina kama kilomita za mraba 3,230 na mpaka wake unajulikana, na kwamba upande wa pili wa mpaka kuna gereji, gesti na chuo cha VETA. Usijisumbue. Waambie kwamba ndiyo, simba hupita, lakini kwa zamu, Jumatatu na Alhamisi, na kila anayepita anasaini daftari kwa mwenyekiti wa kitongoji. Useme kwa uso mkavu. Atakayekuuliza saa ngapi, huyo usimwazime hela.

Wakimaliza kucheka, wape lile ambalo hawaulizi kamwe. Simba si tatizo letu kubwa, tatizo ni tembo. Mahindi yakikaribia kukomaa, familia zinahamia shambani kulala dungu, zinapiga madebe usiku kucha, wengine wanazungushia kamba zilizopakwa oili chafu na pilipili. Tembo akimaliza ekari kwa usiku mmoja, serikali ina kitu kinaitwa kifuta jasho. Akiua mtu, kinaitwa kifuta machozi. Barabarani ndani ya hifadhi kuna mabango ya faini kwa dereva atakayegonga mnyama, kila mnyama na bei yake. Muulize mwenzako wa chumbani ni nani kati ya pande hizi mbili anayeingia kwa mwenzake bila hodi.

*Mjomba, mama mkwe anakaa Dar es Salaam, Kigogo, mabondeni. Amekataa kuja Kilosa kumwona mjukuu wake kwa sababu "Kilosa ni maji." Sasa hivi ni Agosti. — Mkwe Mkavu*

Mtu wa bonde la Msimbazi anaogopa mafuriko ya Kilosa! Mpwa, mlete huyo mama nimwone.

Hata hivyo hakuota. Mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa uliingia mjini, ukalaza watu kwenye mahema na kuing'oa reli ya kati. Aliyekuwepo hafanyi mzaha na jambo hilo, na mvua kubwa zikianza, sisi wa kando ya mto bado tunalala jicho moja. Ila mto una majira, na Agosti si majira yake. Mkatie tiketi ya treni ya umeme, inafika Kilosa tangu 2024. Mahandaki yako mbele, milimani, upande wa Dodoma, kwa hiyo mwambie mapema asije akatafuta sababu mpya.

*Mjomba, natoka Msowero, nafanya kazi kitengo cha ununuzi Dodoma. Kila mkataba ukiletwa mezani, bosi anasema, "Mtu wa Msowero asishike kalamu," kikao kizima kinacheka. Mwanzoni na mimi nilicheka. — Mjukuu wa Mangungo*

Hii nimeisoma mara mbili, na chai imepoa.

Nchi hii imemtwisha mzee mmoja, Chifu Mangungo wa Msowero, mikataba yake yote mibovu. Mgodi ukiuzwa vibaya, Mangungo. Bandari ikizua mjadala, Mangungo. Mchezaji akisaini bila kusoma, Mangungo. Shuleni tulipewa habari yake kwa pumzi moja: Mjerumani alikuja, chifu akaweka alama, nchi ikaondoka. Mtihani ukaja, tukapata vema, na toka siku hiyo hakuna aliyerudi kuuliza.

Mwishoni mwa 1884 Karl Peters, kijana wa miaka 28, aliingia bara kupitia Saadani na Wajerumani wenzake, wakiwemo Karl Jühlke na Joachim von Pfeil. Baada ya wiki chache alikuwa amerudi pwani na mikataba zaidi ya kumi mkobani, ya Useguha, Nguru, Usagara na Ukami. Kwa hiyo walioweka alama walikuwa viongozi kadhaa, wa nchi nne. Wengine wako wapi kwenye utani wa bosi wako? Hawamo, kwa sababu karatasi ya Msowero ndiyo iliyopenda kunakiliwa vitabuni. Mangungo amehukumiwa kwa kosa la kunukuliwa.

Karatasi yenyewe ilikuwa ya Kijerumani, ikijiita mkataba wa urafiki wa milele, na kati ya mzee na maandishi alisimama mkalimani. Peters mwenyewe alisimulia baadaye, tena kwa kujisifu, jinsi kazi ilivyokwenda: vinywaji na zawadi kwanza, alama, kisha bendera na risasi hewani. Niambie ni mzee gani wa kijiji, leo hii, atakayemfukuza mgeni aliyekuja na zawadi akitaka urafiki.

Lakini kipande ninachokipenda mimi ni kile kinachodai kwamba Mangungo, alipoulizwa, alisema hayuko chini ya Sultani wa Zanzibar, na kwamba hata kuwapo kwake hakujui. Hapo mjomba wako huweka miwani mezani. Usagara ilikuwa njia ya misafara. Pembe na vitambaa vilipita huku miaka na miaka kabla ya Peters. Stanley alipandisha bonde la Mkondoa 1871 akiwa na wapagazi na askari aliowakodi Unguja. Chifu wa nchi hiyo asiwe amesikia kwamba Unguja kuna Sultani? Sentensi ile haikuwa na kazi yoyote Msowero. Ilikuwa na kazi Berlin, ambako kulihitajika kuonyesha kwamba ardhi haikuwa chini ya Sultani huyo, Barghash. Aliyethubutu kuandika hiyo, mengine yote juu ya alama ile angeshindwa kuyaandika?

Na tusisahau nchi ilichukuliwa na nini. Mkutano wa Berlin ulifungwa Februari 26, 1885. Kesho yake, Februari 27, Kaisari Wilhelm wa Kwanza akaipa kampuni ya Peters hati ya ulinzi. Barghash alipopinga, Agosti ya mwaka huohuo manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya Unguja, naye akanywea. Barghash alikuwa na makarani, alikuwa na washauri, alikuwa na balozi mdogo wa Uingereza pembeni, na bado alisalimu amri. Mbona hatusemi "mkataba wa Barghash"? Nadhani ni kwa sababu manowari haichekeshi. Mzee asiyejua kusoma anachekesha, na kumcheka yeye kunatuokoa na maswali juu ya wanaojua kusoma. Peters, kama bosi wako hajafika ukurasa huo, alifukuzwa utumishi wa serikali ya Ujerumani 1897 kwa ukatili alioufanya Kilimanjaro.

Sasa ushauri. Kikao kijacho, mkataba ukiletwa, bila shaka utakuwa wa Kiingereza na mnene. Bosi akitamka ya Msowero, simama kwa adabu, umwombe awasomee wajumbe ukurasa wowote apendao, kisha aueleze kwa Kiswahili. Mmoja tu. Mimi nitakutumia nauli ya kurudi nyumbani likitokea la kutokea.

*Mjomba, mimi ni Mparakuyo wa Twatwatwa, mhasibu. Nikivaa suti Morogoro mjini naulizwa kama nina dawa ya nguvu za kiume. Nikivaa shuka naulizwa nalinda geti la nani. Nikirudi Kilosa, mkulima ananishika njiani kuhusu ng'ombe wangu. Sina ng'ombe, nina mkopo wa benki. — Ole*

Ole, mbili za kwanza ni biashara uliyoiacha. Anayetaka dawa mwandikie ankara, pamoja na kodi ya ongezeko la thamani, na risiti ya EFD juu. Hamu itamwisha kabla mashine haijatema karatasi. Anayeuliza geti, mwambie unalinda la kwake, na kwamba mshahara wa miezi mitatu bado haujaingia.

Ya tatu siifanyii utani. Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, watu zaidi ya 30 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji, na yapo makaburi ambayo bado yanapaliliwa na walioyachimba. Mwanzoni mwa 2009 ikapita operesheni ya kuondoa mifugo wilayani, na wapo wafugaji waliozaliwa hapahapa walioswaga walichobakiwa nacho bila kujua waelekee wapi. Yule mkulima njiani anaona shuka, anaona mwaka ule. Wewe unamwona yeye, unaona operesheni. Na ng'ombe aliyemlia mahindi pengine ni wa Mbarabaig, au wa Msukuma, au wa mkubwa mmoja anayekaa mjini na hajawahi kukanyaga zizi lake. Mchungaji ndiye anayeonekana. Mwenye mali hatumjui.

Sina mzaha wa kukupa hapo. Ukikutana naye tena, mtaje kwa jina lake, umuulize shamba ni lipi na ng'ombe walikuwa na chapa gani. Wewe ni mhasibu, kazi yako ni kutafuta mali ni ya nani.

*Mjomba shikamoo. Mimi ni Mkurya wa Tarime, nimeoa Mkaguru. Ndugu zangu wanasema huko mwanaume hana sauti, watoto si wangu. Wana haki? — Shemeji wa Watu*

Marahaba, shemeji. Sauti ya mwanaume ipo, ila inatokea mlango ambao ndugu zako hawakuubisha: kaka wa mkeo. Kwa Wakaguru, Wasagara, Wavidunda na Waluguru, ukoo hufuata mama, na mjomba ana neno zito kwa wapwa. Unadhani safu hii naiandika kwa cheo gani?

Wanao wana koo mbili zinazowadai, ya kwenu kwa ng'ombe uliowatoa au utakaowatoa, ya kwetu kwa tumbo la mama yao. Tumia nafasi hiyo. Januari ikifika, tuma barua ya ada Tarime na nakala kwa shemeji yako, kila upande uonyeshe hao watoto ni wa nani.

*Mjomba, mimi ni mfanyabiashara wa Dar es Salaam. Nimekuja kutafuta ekari 40 za kulima ufuta. Kila kijiji ninachofika wananiangalia kama tapeli, eti watu wa Dar ndivyo tulivyo. Huu si ubaguzi? — Mwenye Nia Njema*

Ndugu Mwenye Nia, ni kweli si haki, pole. Nimesoma barua yako nikakuamini kabisa hadi nilipofika kwenye nakala ya "makubaliano ya awali" uliyoambatanisha. Kurasa 11, Kiingereza, na mahali pa dole gumba pameshapigwa mstari.

Ardhi ya kijiji ina Sheria Na. 5 ya 1999. Haiuzwi na mzee mmoja chini ya mwembe, hata mwembe uwe wake. Maombi yako yapitie halmashauri ya kijiji, yaende mkutano mkuu wa kijiji, watu wazima wote wakae wasikie. Andika upya kwa Kiswahili, kurasa mbili zinatosha. Usome mwenyewe kwa sauti, polepole, na bibi mmoja wa nyuma akisema hajasikia, rudia. Soda unaweza kuleta, lakini zigawiwe baada ya kura.