Mhadhara wa Betri Zilizoganda, Uliotolewa na Bingwa Mwenyewe

Waheshimiwa wana wa Afrika Mashariki mliofuata riziki Chicago, ketini! Mbele yenu amesimama Daktari wa Chaji na Baridi. Udaktari huo nilijitunuku mwenyewe, kikao kizima kikiafiki, na kikao kilikuwa mimi.

Mnaikumbuka Januari 2024? Baridi ilishuka chini ya nyuzi 20 hasi za Selsiasi, magari ya umeme yakajipanga kwenye vituo vya chaji, mengine yakaondoka kwa kuburutwa. Mkasema umeme ni utapeli. Kumbe Norway, ambako sijasikia kuna minazi, mwaka huohuo karibu magari mapya 9 kati ya 10 yaliyouzwa yalikuwa ya umeme!

Sasa tegeni masikio, sitarudia bila malipo. Unapochaji, ayoni za lithiamu husafiri ndani ya betri na kujipenyeza katikati ya tabaka za grafiti. Baridi ikizidi, mwendo wao hulegea. Ukizisukumia umeme mwingi zitasongamana mlangoni kama abiria wa daladala, na zilizokosa nafasi zitageuka metali hapohapo juu ya grafiti. Sehemu ya uharibifu huo haina dawa. Ndiyo maana kompyuta ya gari hubana umeme: mashine ya chaji ina uwezo wa kilowati 150, wewe unapewa 30, halafu unaipiga teke mashine. Mashine imekukosea nini?

Betri ipashwe moto kwanza, ndipo ilishwe. Magari mengi ya kisasa hufanya kazi hiyo yenyewe, mradi uchague kituo cha chaji kwenye ramani ya gari, nusu saa hivi kabla ya kufika. Ramani ya gari, nasema! Ninyi mnabandika simu kwenye dashibodi na kumsikiliza dada wa kwenye simu, gari lenyewe halina habari linapelekwa wapi.

Ukirudi nyumbani, chomeka papo hapo, betri ingali na joto la safari. Alfajiri, washa hita kabla hujachomoa, ili ule umeme wa ukutani. Njiani, tegemea kiti cha joto: hicho hula wati chache, ilhali hita ya hewa hula maelfu. Na kituoni, asilimia 80 ikitimia, ng'oka! Kuanzia hapo chaji hutambaa, na nyuma yako kuna watu wanaokulaani kwa Kiswahili, Kipolandi na Kihispania.

Kuna ndugu humu, simtaji, aliyefunika boneti kwa blanketi la mkewe. Boneti, jamani! Betri iko chini ya sakafu.

Naam, shemeji, nauona mkono wako. Swali la nani aliazima gari lako Jumamosi na kuliacha barabarani likiwa na asilimia 2 si la kitaalamu. Teremsha mkono. Vyeti vya mahudhurio ni dola 10, taslimu.